Mume baharini, tenga mgongoni

MWAKA 1880, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Aberdeen, kaskazini mashariki mwa Scotland, mama mmoja wa miaka 47 hivi alianza kuandika maisha yake. Hakuwa mwandishi. Alikuwa mke wa mtu wa bahari, sasa mjane, na siku zake zilikuwa zikipita katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali hiyo.

Jina lake ni Christian Watt. Kwao jina hilo hupewa wanawake, kwa hiyo msomaji asidhani kuna makosa ya uchapaji.

Alizaliwa Februari 1833 katika kijiji cha wavuvi cha Broadsea, pembeni ya mji wa Fraserburgh, mahali ambapo upepo wa bahari ya kaskazini unapiga mchana na usiku. Alipokuwa na miaka minne, binti mwingine wa miaka 18 alirithi kiti cha enzi huko London. Huyo ndiye Malkia Victoria, ambaye jina lake limebaki mpaka leo kwenye ziwa wanakovua watu wa Mwanza, Musoma, Kisumu na Entebbe. Mzungu Speke alilibandika ziwa hilo jina mwaka 1858, wakati Christian akiwa msichana wa miaka 25.

Watu hupenda kusimulia zama za Victoria kwa magauni mapana, vikombe vya chai na treni za moshi. Katika kijiji kama Broadsea zama hizo zilinuka kome, chumvi na matumbo ya samaki.

Christian alianza kazi za ndani kwa watu akiwa na miaka minane. Familia ya wenye ardhi ya eneo lile, akina Fraser wa Philorth, walikuwa na jumba kubwa, na mabinti wa wavuvi walikwenda kutumika huko, kusugua, kubeba maji na kuinamisha kichwa kila bwana anapopita. Kuinamisha kichwa ndiko kulikomshinda. Maandishi yake ya baadaye yamejaa ukali dhidi ya mabwana wa ardhi.

Lakini kazi ya bintiye mvuvi haikuwa jumbani tu. Kazi yenyewe ilikuwa nyumbani, na ilianza kabla hajajua kusoma.

Wavuvi wa pwani ile, nje ya msimu wa heringi, walivua kwa mishipi mirefu. Mshipi mmoja ulikuwa na ndoana elfu moja na zaidi, na kila ndoana ilitaka chambo. Chambo ni kome. Kome hawaji wenyewe: mama na mabinti waliingia kwenye maji ya baridi kali, wakawang'oa kwenye miamba au kuwaokota kwenye matope, wakawabeba mpaka nyumbani, wakawapasua mmoja mmoja kwa kisu, wakatia nyama kwenye ndoana moja baada ya nyingine. Kisha mshipi ulipangwa kwenye kapu kwa mzunguko, na kati ya tabaka na tabaka wakaweka nyasi ili ndoana zisishikane. Mshipi ukijifunga baharini, siku ya baba imepotea.

Kazi hiyo ilichukua saa nyingi, na kesho yake ilianza upya. Waswahili wanasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wanawake wa Broadsea waligaagaa na upwa maisha yao yote, na bado kuna siku walikula ugali wa shayiri mkavu.

Wanaume waliporudi, samaki waliingia mikononi mwa wanawake. Mke alipakia tenga, akalifunga mgongoni kwa mkanda unaopita kifuani, akatembea maili nyingi kuelekea mashambani. Huko alipita mlango kwa mlango kwa wake wa wakulima, akibadilishana samaki kwa mayai, siagi, unga na jibini. Tenga lililojaa liliweza kufika kilo 50. Wengine walitembea huku wakifuma soksi, maana mikono ilikuwa huru na mikono huru ni hasara.

Katika vijiji visivyo na gati kulikuwa na kazi moja zaidi, ambayo wageni waliotembelea pwani ile hawakuisahau. Asubuhi mke alikunja sketi, akaingia kwenye maji mpaka magotini na zaidi, akambeba mumewe mgongoni mpaka kwenye mashua. Sababu ni nyepesi. Mwanamume atakaa baharini siku nzima na viatu vikilowa mwanzoni havitakauka. Mke anarudi nyumbani kwenye moto. Hivyo ndivyo walivyopiga hesabu, na hakuna anayesimuliwa kuwa alilalamika, ingawa mtu anaweza kujiuliza kama wageni hao waliwahi kuwauliza wanawake wenyewe.

Nani wa kuolewa naye

Hapo ndipo suala la mapenzi linapoingia, na halikuingia kwa shairi.

Kijana wa mvuvi hakuoa mtoto wa mkulima. Si kwamba hakuwapenda. Mtoto wa mkulima hakujua kutia chambo, hakujua kubeba tenga, na hakuwa tayari kujifunza. Kwa mvuvi, mke alikuwa nusu ya mashua. Bila yeye chambo hakipo na soko halipo. Kwa hiyo wavuvi walioana wenyewe kwa wenyewe, kijiji kwa kijiji, mpaka majina ya ukoo yakawa machache mno na watu wakalazimika kuitana kwa majina ya utani ili mtu ajulikane ni yupi.

Wakulima na watu wa mjini nao hawakuwataka. Waliwaona wavuvi kama kabila lingine: wanaongea kivyao, wanavaa kivyao, wananuka samaki. Binti wa mvuvi aliyetazamwa na kijana wa tabaka la juu alijua kutazamwa huko kunaishia wapi. Ukuta ulikuwa pande zote mbili.

Ndani ya ukuta huo, hata hivyo, binti alikuwa na kitu ambacho dada zake wa mashambani na wa viwandani hawakuwa nacho. Alikuwa na thamani inayohesabika, na alijua. Fedha za samaki zilipita mkononi mwake. Yeye ndiye aliyeuza, yeye aliyenunua unga, yeye aliyempa mume pesa ya tumbaku. Wageni kutoka mijini waliandika kwa mshangao kwamba kwa wavuvi mke ndiye anayetawala nyumba.

Sheria haikujua habari hiyo. Kwa sheria ya Scotland ya wakati ule, mwanamke akiolewa, mali yake inayohamishika, pamoja na kipato chake, viliangukia mikononi mwa mume. Yaani mama aliyetembea na tenga maili kumi, akarudi na shilingi mbili, kisheria amerudi na shilingi mbili za mumewe. Bunge lililinda kipato cha wanawake walioolewa mwaka 1877, na mwaka 1881 likafuta haki ya mume juu ya mali ya mke kwa ndoa zitakazofungwa tangu hapo. Ushike mwaka huo 1877, utarudi.

Vijana walikutana wapi? Mara nyingi kwenye heringi.

Heringi ni samaki mdogo wa bahari baridi, wa ukoo mmoja na saradini, anayekuja kwa makundi makubwa majira ya kiangazi. Mji wa Fraserburgh ulitajirika kwa samaki huyo. Mashua zilitoka jioni na nyavu, zikarudi asubuhi, na heringi hakai: akikosa chumvi ndani ya siku moja hafai. Kwa hiyo wafanyabiashara waliotia samaki chumvi waliajiri mabinti kwa mamia, wakawapa kishika uchumba cha kazi, pesa kidogo ya kuwafunga kwa msimu mzima.

Walifanya kazi watatu watatu. Wawili wanatumbua, mmoja anapanga kwenye pipa, tabaka la samaki, tabaka la chumvi. Mtumbuaji hodari alimaliza samaki kati ya 40 na 60 kwa dakika moja, kwa kisu kifupi, huku akiwagawa kwa ukubwa bila kutazama. Vidole walivifunga vitambaa vya magunia ya unga, kwa sababu kisu kikikosea kidogo, chumvi inaingia kwenye kidonda na kidonda hakiponi mpaka msimu uishe. Malipo yalihesabiwa kwa pipa na kugawanywa kwa watatu. Mapipa yalikwenda Ujerumani na Urusi.

Miaka ya mwisho ya karne ile mabinti hao walifuata samaki kuanzia visiwa vya Shetland mpaka Great Yarmouth, kusini mashariki mwa Uingereza, wakisafiri kwa treni na masanduku yao ya mbao, wakilala watatu kitanda kimoja. Kwa binti wa miaka 17 ilikuwa mateso na ilikuwa uhuru. Mama yuko mbali. Pesa ni yake mpaka aolewe. Jioni mabinti walishikana mikono wakatembea barabarani wakiimba na kufuma, na vijana wa mashua, ambao nao wamefuata samaki wale wale, walikuwa wamesimama pembeni.

Ndoa zilizoanzia hapo zilifungwa baada ya msimu, heringi wakishauzwa na hesabu ikishafungwa. Bibi harusi alileta sanduku lake, magodoro, mablanketi, mapipa ya kufulia na tenga. Tenga lilikuwa sehemu ya mahari yake mwenyewe kwa maisha yatakayokuja. Usiku wa kuamkia harusi rafiki zake walimshika wakamwosha miguu, kisha wakampaka masizi, wakamwosha tena, wakampaka tena, kwa vicheko na kelele. Kijiji chote kilialikwa, kwa sababu kijiji chote kilikuwa ndugu.

Bahari inayojulikana

Christian hakuwa binti aliyeolewa bila kujua.

Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Agosti 1848, akiwa na miaka 15, dhoruba ilizikuta mashua za heringi kwenye pwani nzima ile ya mashariki. Wavuvi 100 walikufa na mashua 124 zikapotea au kuvunjika. Mashua zilikuwa wazi, hazina sitaha, wimbi moja kubwa linatosha kuzijaza. Wengine walikufa mlangoni mwa bandari yao wenyewe, mbele ya macho ya wake zao, kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa na bandari nyingi za pwani ile hazikuwa na kina cha kuingiza mashua maji yakikupwa.

Serikali ilimtuma Kapteni John Washington kuchunguza. Ripoti yake ya mwaka 1849 ilisema jambo ambalo wanawake wa pwani wangeweza kumwambia bure: bandari ni mbovu, na mashua zinahitaji sitaha. Ilichukua miaka mingi. Mashua yenye sitaha ni ghali, na bandari zilikuwa mikononi mwa wenye ardhi na watu wa mbali.

Ndani ya nyumba ya akina Watt kwenyewe bahari haikuwa habari ya jirani. Christian alipoteza kaka kadhaa katika maji. Kwa binti wa ukoo kama huo, kuambiwa na kijana kwamba anampenda kulikuwa na swali la pili ndani yake.

Akatoka. Katika miaka ya 1850 alivuka Atlantiki mpaka New York, akafanya kazi huko. Kwa msichana aliyezoea kubeba tenga ilikuwa safari ya kutisha na ya kufungua macho, na watu wengi wa Scotland waliovuka namna hiyo hawakurudi. Huko kulikuwa na mishahara mizuri kuliko ya Fraserburgh, na hakuna aliyejali kama baba yako ni mvuvi.

Alirudi. Mwishoni mwa miaka hiyo akaolewa na James Sim, mtu wa bahari.

Wasomaji wa ukurasa huu wanaopenda kuuliza kwa nini mwanamke mwenye akili zake huchagua mume anayejua kwamba huenda atamzika, au pengine hata mwili hatauona, watalazimika kujijibu wenyewe. Huyo ndiye mwanamume aliyekuwapo, wa kwao, anayeijua kazi yake na anayejua thamani ya mikono yake. Na pengine alimpenda tu. Watu husahau sababu hiyo wanapozungumzia ndoa za maskini, kana kwamba kupenda ni kwa wenye nafasi.

Walizaa watoto kumi.

Watoto kumi maana yake ni mimba zaidi ya miaka saba na nusu ukizijumlisha, na mishipi inasubiri chambo mimba ikiwepo isiwepo. Mtoto mchanga alilala kwenye kapu pembeni ya beseni la kome. Mtoto wa miaka mitano alikuwa tayari anapasua. Mama alipokwenda mashambani na tenga, mkubwa alilea wadogo. Mwanamume akirudi usiku na mashua tupu, chambo kimeliwa na hakuna cha kuuza. Kesho yake wanaanza upya kwa chambo kipya.

Nyumba za wavuvi zilikuwa na miiko yake. Mwanamume akishatoka kwenda mashuani, mke hakumwita nyuma. Ndani ya mashua hakuna aliyetaja nguruwe wala mchungaji wa kanisa. Wapo wavuvi waliokutana na mwanamke fulani njiani asubuhi wakageuza na kurudi kulala. Mwanamke ndiye aliyetia chambo, aliyesukuma mashua majini, aliyembeba mume mgongoni, na bado yeye huyo huyo alikuwa mkosi. Msomaji akicheka asisahau kutazama na kwake.

Mke alimfumia mumewe fulana nzito ya sufu, kwa sindano tano, bila mshono, iliyobana ili upepo usipite. Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba kila kijiji kilikuwa na nakshi yake, ili maiti ikitupwa pwani ya mbali watu wajue pa kuipeleka. Hadithi hiyo imetiwa chumvi. Mabinti wa heringi waliigana nakshi kutoka bandari moja hadi nyingine, kwa hiyo nakshi zilisafiri kuliko samaki. Lakini wapo waliofuma herufi za jina la mume upande wa chini wa fulana, na huyo aliyefuma herufi alijua anafanya nini.

Mwaka 1877

Mtoto wao mkubwa wa kiume alizama kwanza. Mwaka 1877 akazama James.

Ndio mwaka ule ule Bunge lilipompa mwanamke wa Scotland aliyeolewa haki ya kipato chake. Christian alipata haki hiyo na kupoteza mume karibu pamoja, akabaki na watoto, baadhi yao wadogo kabisa, na tenga.

Mjane wa mvuvi hakurithi mapato. Sehemu ya mume katika mashua ilikuwa kazi ya mikono yake, na mikono imekwenda. Kulikuwa na msaada wa maskini chini ya sheria ya mwaka 1845, uliotolewa na parokia baada ya mkaguzi kuja kutazama ndani ya nyumba yako, kuuliza una nini na nani anaweza kukulisha. Watoto wa maskini wa Scotland mara nyingi walichukuliwa na kupelekwa kulelewa katika nyumba za watu mashambani. Mwanamke aliyejitegemea tangu miaka minane aliuogopa mlango wa mkaguzi kuliko njaa.

Akavunjika. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Aberdeen, akapumzika, akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Mchuuzi wa samaki anaishi kwa mlango wa mtu mwingine kufunguliwa. Mke wa mkulima akikuona unakuja na tenga, akakumbuka umetoka wapi, akavuta watoto wake ndani, siku yako imekwisha na samaki wako wataoza. Christian alikuta macho ya watu yamebadilika. Kabla ya hapo alikuwa mjane, na mjane kwa wavuvi ni mtu wa kawaida, kila nyumba ya tatu inaye. Sasa alikuwa mwendawazimu.

Kabla muongo huo haujaisha akarudishwa Aberdeen, na safari hii hakutoka tena. Nyumba ikavunjika. Watoto wadogo wakakulia mikononi mwa wengine.

Miaka michache baadaye, Ijumaa tarehe 14 Oktoba 1881, kusini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, bandari ndogo ya Eyemouth ilipata msiba ambao Uingereza nzima iliusikia. Wavuvi walikuwa wamekaa siku kadhaa bila kutoka kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, na nyumba nyingi hazikuwa na kitu. Asubuhi hiyo ilikuwa shwari na jua linawaka. Kipimahewa kilikuwa kimeshuka chini kabisa na kila mtu alikiona, lakini kipimahewa hakilishi watoto. Wakatoka. Mchana dhoruba ikashuka ghafla. Wanaume 189 walikufa, 129 kati yao wa Eyemouth peke yake, na baadhi ya mashua zilivunjika kwenye miamba ya mlango wa bandari huku wake na mama wakitazama kutoka ufukweni bila la kufanya.

Kijiji hicho kilikuwa kimebishana na kanisa kwa miaka kuhusu zaka ya samaki, na mzigo wa zaka hiyo ulichelewesha matengenezo ya bandari ambayo yangeweza kuokoa baadhi yao. Jambo hilo lilijulikana wakati ule ule. Halikumrudisha mtu.

Ikachangishwa zaidi ya pauni 50,000 kwa ajili ya wajane na yatima wa msiba huo, fedha nyingi sana kwa zama zile. Magazeti yaliandika, watu wa London walitoa, kamati ikaundwa kugawa kwa wiki. Hakuna ubaya hapo. Wajane wa Eyemouth, zaidi ya 70, walistahili kila senti.

Lakini pwani ile haikuwa ikiwapoteza wanaume 129 kwa siku kila mwaka. Ilikuwa ikiwapoteza mmoja mmoja, wawili wawili, mtu kateleza usiku, mtu kazolewa na wimbi, mashua moja haikurudi. Mjane wa msiba mkubwa alipata kamati. Mjane wa Jumanne ya kawaida alipata majirani, na majirani wenyewe walikuwa na wajane wao. James Sim alikufa kifo cha namna hiyo ya pili, na mkewe akapata wodi.

Chumba cha kufulia

Hospitali ile ilimtunza Christian kwa zaidi ya miaka 40. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu mwanamke wa namna yake hakujua kukaa bila kazi, na kwa sababu wagonjwa maskini walitakiwa kufanya kazi. Alipata heshima ya watu waliokuwa naye. Kwa mtu anayesoma maandishi yake leo, kinachoonekana ni mwanamke mwenye kumbukumbu kali na ulimi mkali zaidi, anayejua hasa nani alimdharau na mwaka gani.

Aliandika kuhusu jumba la mabwana na jinsi watumishi walivyotendewa. Aliandika kuhusu watu walioondolewa kwenye ardhi za mababu zao ili kondoo wachunge. Aliandika kuhusu baba na mama yake, kaka zake, safari ya Amerika, mumewe. Mwanamke aliyeandikwa kwenye kitabu cha hospitali kama mgonjwa maskini alikuwa akiandika kitabu chake.

Wataalamu wa historia wamebishana kidogo kuhusu maandishi hayo, kama inavyotokea kwa karatasi yoyote iliyokaa miaka mingi kabla ya kuchapwa. Wavuvi wa zamani waliacha mishipi, mashua na nyumba. Wake zao waliacha karibu na hakuna kitu kwa maneno yao wenyewe. Wasafiri waliwaandika, wapiga picha waliwapiga, wachoraji waliwachora wakiwa na matenga, wazuri, wamesimama kwenye upepo. Yeye ni mmoja wa wachache waliojieleza.

Malkia Victoria alikufa Januari 1901. Christian alikuwa na miaka 67, bado yuko Aberdeen. Mashua za matanga zilianza kubadilishwa kwa meli ndogo za moshi. Mabinti wa heringi waliendelea kupanda treni na masanduku yao kila msimu, na vidole vyao vikaendelea kufungwa vitambaa. Vita Kuu ya kwanza ilikuja ikapita.

Alikufa Juni 1923, akiwa na miaka 90, katika hospitali ile ile. Maandishi yake yalitolewa kitabu mwaka 1983, yakihaririwa na David Fraser, jina ambalo mtu yeyote aliyewahi kutumika kwenye jumba la Philorth angelitambua.